Fimbo Isigusane na Kitambi

Dada yangu mkubwa hukagua mizani sokoni, na mwisho wa juma hukagua pinde kwenye klabu ya kulenga shabaha. Klabuni wanamwita Rula. Yeye anadhani ni sifa. Wachuuzi sokoni wanamwita vingine, lakini hayo tuyaache.

Mumewe, shemeji yangu, ni fundi wa majokofu. Mpole, ana kitambi cha heshima, na tangu ujanani ana hamu moja tu: kuingia timu ya klabu. Kila mwaka huambulia patupu. Mwaka huu, sijui kaingiwa na nini, mishale yake ikaanza kutua katikati mmoja baada ya mwingine. Siku ya mchujo, hadi mapumziko ya mchana, alikuwa ndani ya timu. Nilimwona anakula ndizi huku anatabasamu peke yake, nikafurahi kweli. Shemeji hana makuu.

Sasa, upinde wa mashindano si kijiti na kamba. Hufungwa fimbo nyembamba zenye uzito nchani ili usiyumbe mkononi: ndefu moja mbele, na fupi mbili zinazorudi nyuma upande wa mlengaji. Ni halali, kwa masharti. Baada ya mapumziko Dada alisimama nyuma ya mstari akimtazama mumewe anavyovuta kamba. Akasogea ubavuni. Akainama. Fimbo fupi ya kushoto ilikuwa imejilaza juu ya kitambi, imetulia tuli kama mtoto aliyeshiba.

Akapuliza filimbi. Mkuu wa waamuzi akaja, na watu wakasogea, maana ugomvi wa mke na mume ukipatikana bure nani atauacha. Dada akamwita mumewe "mlengaji", eti ndiyo heshima ya kazi, akamwambia kwamba fimbo yake inagusa mwili. Shemeji akauweka upinde chini taratibu. Hapo nikajua ana neno.

"Fimbo haijagusa tumbo," alisema. "Fimbo iko pale pale nilipoifunga. Tumbo ndilo lililoigusa fimbo. Lionye tumbo."

Watu hawakuwa na mbavu. Mkuu wa waamuzi, mpenda amani, akakuna kidevu, akasema hoja ina mashiko: kanuni ni za fimbo, tumbo halikutajwa popote.

Dada hakucheka. Kanuni zile zilikuja kwa lugha ya kigeni, na aliyezitafsiri ni yeye, kwenye meza ya chakula, nami nikiwapo. Akafungua kitabu, akampa mumewe asome kwa sauti.

"Fimbo isigusane na kitu chochote isipokuwa upinde," Shemeji akasoma. Akarudia neno moja, polepole. "Isigusane."

"Nani aliniambia niandike hivyo?"

Jibu nalijua mimi. Binti zao walipokuwa wadogo, hawakukaa kochi moja bila huyu kulia kaguswa, na yule kuapa kwamba yeye ndiye aliyeguswa kwanza. Dada alikuwa akiendesha kesi mpaka chai inapoa. Baba yao alipitisha hukumu moja tu, macho kwenye redio anayoifungua: msigusane. Nani kaanza, hayakumhusu. Na Dada alipokwama kwenye tafsiri, akiwaogopa wajanja, ni huyo huyo aliyemwambia aandike isigusane, mambo yaishe.

Shemeji akazifungua fimbo fupi, akaendelea na ile ndefu peke yake. Upinde ukamcheza mkononi. Jioni jina lake lilikuwa nje ya timu, na aliyechukua nafasi yake ni mtu mwembamba kama ufito.

Tulipokuwa tukitoka nilimpasha Dada. Nilimwambia angeweza kuangalia pembeni mara moja tu maishani, dunia isingepasuka. Alipofika getini akatoka nje, akasimama, akamsubiri mumewe, na nikaona macho yake ni mekundu.

"Nilitaka uingie," alimwambia. "Kuliko hata wewe mwenyewe."

Shemeji akamtazama kidogo. "Hizo kanuni zako zinaishia wapi?"

"Hapo getini."

Shemeji akavuka geti. Akampokea begi la vipimo, kisha akamshika mkono na kuuweka juu ya kitambi. Mkaguzi akauacha hapo hapo.