Kitanda Ambacho Shemeji Hakuweza Kumaliza

Nilimshuku shemeji yangu kabla hata hajashika msumeno. Mume wa mdogo wangu ni fundi wa mbao pale Roret, na watu humsifu mpaka wanakera. Lakini mama alikuwa ameipinga ndoa yake waziwazi, na nilikuwa na hakika hajasahau. Mimi mwenyewe nisingesahau.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Kila mwezi tulimpeleka hospitali ya mbali, na kukaa kitako safari nzima hakuweza. Daktari alituonya: akianguka tena, hatatembea. Ndiyo maana nilinunua lile gari kuukuu lenye jiko na sinki, ambalo watalii walikuwa wakizunguka nalo na kulala humo. Safari ya kwanza mama alilala humo siku mbili, kwenye godoro sakafuni, akarudi akilalamikia baridi. Nikamwagiza shemeji kitanda.

Alikileta fremu ikiwa imeungwa, akaisukuma kupitia mlango wa nyuma wa gari, akafunga skurubu akiwa amesimama nje, akakataa chai, akaenda zake. Kukataa chai, huku kwetu! Nilijua kuna namna.

Nikakilalia mimi kwanza. Nilipogeukia ukutani, kona ikashuka na mimi ndani yake, nikabaki miguu juu. Angekuwa mama, nyonga ingekwisha hapo hapo.

Nikampigia simu. "Shem, umeweka mbao gani hapa?"

"Saipresi kavu, shem."

"Kuja uione hiyo saipresi yako."

Alikuja asubuhi na vifaa vyake, lakini akasimama mbali, ukingoni mwa majani chai, mikono nyuma. Nikamwambia aingie. Akatazama viatu vyake.

"Wewe fungua tu, uniambie unaona nini."

Fundi asiyetaka kuitazama kazi yake anaficha kitu, nikajiambia. Nikaingia na drili yake, nikafungua mbao moja moja nikitafuta uozo, au blugamu mbichi, ule mkaratusi wa kuni za kiwanda cha chai. Nikakwangua kwa kisu. Ilikuwa saipresi kweli, kavu, imepigwa randa hadi chini ambako hakuna mtu angeangalia. Ila upande wa mlangoni kulikuwa na skurubu nane, na upande wa ukutani hakukuwa na hata moja. Matundu yake yalikuwa yametobolewa tayari, safi kabisa.

"Mbona hukumaliza?"

"Si Mama alilala humo? Sasa mimi naingiaje?"

Kwetu sisi watu wa ziwani, mkwe haingii mahali mama mkwe wake analala. Nalijua hilo tangu utotoni. Hata kwa mama yeye huishia sebuleni. Lakini mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wachuma chai, na sikuwahi kuhesabu gari kuwa nyumba. Yeye alihesabu.

"Nilituma dadako akwambie umalizie hiyo side ya ndani," akasema. "Nafikiri aliogopa. Anasema wewe ukiambiwa kitu unawaka."

Niliona haya, nikashika drili. Alinipitishia mlangoni vyuma vya pembe, bolti na miguu miwili ya kuongezea katikati, huku ameangalia kando. "Kaza mpaka ikatae," alisema kila mara. Nilikaza mpaka viganja vikachubuka, kisha nikarukaruka juu yake kwa magoti. Kitanda hakikutikisika.

Mama akaletwa, akapanda polepole, akalala. Akageukia ukutani.

"Haipigi kelele?" shemeji akauliza kutoka nje, ametupa mgongo.

Mama alimsikia. Miaka yote amekuwa akimwita "yule mtu".

"Mwambie huyo mwanangu imekaa vizuri," akasema.

Nilishuka, nikazunguka mpaka mbele ya shemeji, nimtazame usoni nione kama heshima yake ni ya kujifanya. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni.