Mjomba wa Kibiriti

Wateja walimwita Fundi, lakini kanisani alikuwa Mama Shuhuda, na jina hilo hakulipata bure. Kipindi cha ushuhuda kikifika, watu walimgeukia kabla mwongozaji hajauliza nani ana neno. Naye hakuwaangusha. Alikuwa na ulimi mtamu na machozi ya karibu, na angeweza kusimulia funguo zilizopotea zikapatikana mpaka ukajikuta umesimama unapiga makofi.

Aliponunua simu kubwa, kanisa likawa dogo kwake. Kila asubuhi, kabla hajatia uzi kwenye cherehani, aliposti kwanza. Leo ni gauni la bibi harusi na aya ya faraja. Kesho ni binti yake wa darasa la pili, yule ambaye bibi yake alimpa jina la Kibiriti kwa sababu hakawii kuwaka, amesimama getini na sare mpya, jina la shule likisomeka juu ya kichwa chake. Siku nyingine ni mtoto akiandika kwa mkono wa kushoto, chini yake "Kibiriti wangu", au kovu la goti lake baada ya kuanguka, au lori la mumewe likitoka uani, chini yake maneno: "Safari njema, baba watoto. Bwana awe mlinzi wetu sisi wanawake tunaobaki wenyewe."

Mama mkwe wake, mjane aliyekaa nao tangu mume wake afariki, hakuipenda ile kazi.

"Wewe mama," alimwambia siku moja sufuria ikitoa moshi jikoni, "hata mboga ikiungua lazima ulimwengu ujue?"

"Mama, natangaza matendo ya Bwana."

"Bwana mwenyewe haoni mpaka umpigie picha?"

Fundi alicheka. Halafu akaliandika na hilo, na watu wakalipenda sana.

Kati ya shuhuda zote, moja ilikuwa imemfikisha mbali. Kibiriti aliwahi kubanwa na kifua, wakampeleka hospitali. Daktari alimsikiliza mtoto, akakunja uso kidogo, akasema, "Tumpime na moyo, kwa uhakika tu." Wakampima. Moyo ulikuwa mzima kama ngoma mpya. Lakini Fundi aliporudi nyumbani na kushika simu, maneno yalikuja yenyewe: moyo wa mwanangu ulikuwa na tundu, madaktari wakashika vichwa, Bwana akaliziba kwa mkono wake. Watu wa nchi asizozijua wakajibu amina. Alipolala alihisi kitu kikimchoma ndani, kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Akajigeuza upande wa pili. Si Mungu ametukuzwa? Basi.

Mgeni aliingia dukani wakati Fundi akipiga pasi. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limenyooka, Biblia kwapani ndani ya mfuko wake wa zipu. Alisimama mlangoni mpaka akakaribishwa.

"Bwana asifiwe, mama."

"Amina, baba. Karibu. Ni suti au ni gauni la mama?"

"Sikuja kushonewa. Nimetumwa." Alifumba macho. "Ninamwona mtoto wa kike. Anaandika kwa mkono wa kushoto. Ana alama gotini. Nyumbani anaitwa jina la kitu cha moto."

Fundi aliiweka pasi kwenye kiegemeo chake.

"Ninamwona na baba yake," mgeni aliendelea kwa sauti ya chini. "Yuko barabarani, mbali, amebeba mzigo mzito. Nyuma ya gari lake ninaona kitu cheusi kinamfuata."

"Yesu wangu!"

"Hajafa. Lakini mlango umefunguliwa, mama, nao utafungwa kwa maombi ya mtoto asiye na hatia. Nitakuja kumwekea mikono. Usimwambie mtu, hata mchungaji wako. Wivu uko karibu na wewe kuliko unavyodhani."

Fundi alipiga magoti palepale, kati ya vipande vya vitambaa, akaombewa. Alipofumbua macho, mgeni alikuwa ameshaondoka.

Kuanzia hapo chakula hakikupita kooni. Alimpigia mumewe, simu haikupatikana. Alipiga tena na tena, ile sauti ya mashine ikimjibu vilevile. Mkasi ulimponyoka ukakata mahali pasipotakiwa kwenye kitambaa cha mtu. Kila gari kubwa lililonguruma mtaani lilimfanya asimame. Mama mkwe alimwuliza mara mbili, "Una nini, mwanangu?" naye akajibu kichwa kinamwuma. Kwa kuwa alikatazwa kumwambia mtu, alifanya alichozoea. Akaandika: "Wapendwa, niombeeni. Mume wangu hapatikani simuni. Niko na mtoto na bibi yake mzee tu. Adui anazunguka." Waliojibu amina walikuwa wengi. Hakujiuliza ni nani mwingine aliyesoma.

Siku iliyofuata, jua limepita utosini, simu iliita. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Bwana asifiwe, mama. Ni mtumishi. Leo ndiyo siku."

"Amina, baba. Nimekusubiri. Mume wangu mpaka sasa—"

"Usiogope. Bwana amenikumbusha alikowatoa. Nimeliona lile tundu kwenye moyo wa mtoto, damu ikivuja, na mkono wake ukiliziba. Aliyefanya lile atashindwa na hili?"

Fundi aliishusha simu, akakitazama kioo chake.

"Mama? Upo?"

"Tundu, baba? Umeliona?"

"Kwa macho ya rohoni, kama ninavyouona mkono wangu."

Hapakuwa na tundu. Alilitoboa yeye mwenyewe, kwa kidole chake, kwenye kioo cha simu. Mungu hawezi kumwonyesha mtu kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Basi huyu hakuonyeshwa. Huyu alisoma. Mkono wa kushoto alisoma, goti alisoma, lori alisoma, jina la mtoto alisoma. 

Ndipo aliposikia, nyuma ya sauti ya yule mtu, kitu alichokifahamu: kelele za watoto wengi, na kipande cha chuma kikigongwa. Kengele ya shule ya Kibiriti.

"Uko wapi, baba?" aliuliza, akijitahidi sauti isivunjike.

"Nipo katika kazi ya Bwana," yule mtu alisema, na simu ikakatika.

Fundi alitoka mbio, duka wazi, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Mwanamke yule ambaye angeweza kuomba saa nzima bila kurudia neno, siku hiyo alibaki na neno moja. Yesu. Kila mguu ulipogusa ardhi, Yesu. Mtu alimpigia honi, mwingine akamtukana. Hakusikia.

Mwalimu wa darasa alimkuta mlangoni, na uso wake ukabadilika alipomwona.

"Mama, kumbe umepona? Tumeambiwa umezimia dukani. Mjomba wake amekuja kumchukua mtoto sasa hivi."

"Mjomba gani?"

"Kaka yako. Alisema baba wa mtoto amepata ajali. Alijua kila kitu, mama. Alijua mpaka jina la nyumbani. Mtoto alisita kidogo, lakini aliposikia habari za baba yake akalia, akampa mkono."

"Wamepita wapi?"

Mwalimu alionyesha geti la nyuma. Alikuwa ameanza kulia na yeye.

Geti la nyuma lilitokea kwenye kichochoro, upande mmoja ukuta wa shule, upande wa pili karakana ya mbao. Fundi aliposukuma lile geti alisikia sauti aliyoishi nayo miaka yote, sauti iliyomkera asubuhi na jioni, na leo ilikuwa tamu kuliko kwaya yoyote.

"Mjomba! Mjomba wa tumbo lipi?"

Mama mkwe alikuwa amekuja kumpokea mjukuu wake. Alikuja kila siku kwa njia hiyo ya nyuma, na kila siku aliwahi, kwa kuwa hakuamini saa ya mtu. Sasa alikuwa ameng'ang'ania mkanda wa begi la Kibiriti, na yule mtu ameshika mkono wa mtoto, mtoto katikati anavutwa huku na huku, analia bila sauti.

"Mama yake huyu kwao wamezaliwa wasichana watupu! Nilikwenda mwenyewe kumposea mwanangu, niliwahesabu! Huyo kaka ametoka wapi, ameota kama uyoga?"

Mafundi seremala walitoka karakanani, vumbi la mbao nyusini. Yule mtu hakukasirika. Aliwatazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Wazee wetu hawa, ndugu zangu. Umri ukifika, hata damu yako huitambui. Bibi, niachie mtoto, baba yake yuko mahututi."

Seremala mmoja akamwambia mama mkwe kwa upole, "Bibi, mwache mtoto aende." Akanyoosha mkono kumwachisha lile begi. Hapo ndipo Fundi alipoona jinsi kuiba mtoto kulivyo rahisi. Watu wema, mchana kweupe, walikuwa wanamsaidia mwizi.

"Mwanangu!" alipiga kelele. "Huyo ni mwanangu! Simjui huyo mtu!"

Yule mtu aligeuka. Macho yao yakakutana. Akaufungua mkono wake taratibu, akamwachia mtoto, na akasema kwa sauti ileile ya dukani, "Bwana asifiwe, mama." Kisha akapiga hatua ndefu mpaka mwisho wa kichochoro, ambapo gari lilikuwa linanguruma, mtu mwingine ameshika usukani. Maseremala walipoelewa na kuanza kukimbia, alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Fundi aliona ndani kwa kufumba na kufumbua. Juu ya kiti palitandikwa gauni jipya la mtoto wa kike. Jicho lake la kazi halikuhitaji utepe. Kilikuwa kipimo cha Kibiriti hasa, mabega mpaka magotini.

Gari liliondoka, namba zake zimepakwa tope.

Kituoni, askari wa zamu alimwomba aufungue ukurasa wake, akasogeza kwa kidole gumba, picha baada ya picha. Mwishowe alimrudishia simu.

"Hakuhitaji kukufuatilia, mama. Angekufuata kwa miguu angechoka. Wewe umemletea kila kitu kitandani kwake."

Yule mtu hakukamatwa.

Mumewe alipatikana siku hiyohiyo. Alikuwa mzima, ng'ambo ya mpaka hapakuwa na mtandao, basi. Aliporudi alimkumbatia Kibiriti mpaka mtoto akalalamika, halafu akakaa na ile simu akausoma ukurasa wote, maana kumbe hakuwahi kuusoma.

"Mimi nafunga mlango nikiondoka," alisema bila kupaza sauti. "Kumbe huku nyuma unawaita watu na kuwaambia mwenye nyumba hayupo."

Fundi akaichukua simu. Alifuta kila kitu, picha moja moja, lakini mtandao si ubao. Baada ya muda muumini mmoja alimletea ukurasa wa mtu asiyejulikana, uso wa Kibiriti umebandikwa pale kwa jina jingine, anaitwa yatima wa nchi nyingine. Waliripoti, ukaondolewa. Ukatokea mwingine.

Jumapili, mwongozaji alipouliza nani ana neno, vichwa viligeuka kama kawaida, na wengine walishaanza kutabasamu. Mama Shuhuda alisimama. 

"Moyo wa mwanangu haukuwahi kuwa na tundu," alisema. "Nilimsingizia Mungu kazi ambayo hakuifanya. Na aliyekuja kumwiba mwanangu aliingia kwa maneno yangu mwenyewe."

Hakuna aliyesema amina. Feni iliguna juu ya vichwa vyao. Mke wa mchungaji alitoka mbele, akaja kusimama kando yake, akamshika mkono, wakabaki wamesimama hivyo. Nje baadaye wapo waliosema amelitia aibu kanisa. Wapo waliomkwepa. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa amezoea kumsifia, alimwambia tu, "Leo umesema," kisha akamwuliza kama nyumbani kuna chumvi.

Walimhamisha Kibiriti shule. Aliacha kuwaka kama zamani. Mgeni akibisha hodi, alijibanza nyuma ya kabati mpaka aambiwe ni nani. Jioni moja, kabla ya sala, alimvuta mama yake sketi.

"Mama, Mungu ndiye alimwambia yule mjomba jina langu?"

Fundi alichuchumaa mbele yake.

"Hapana, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Kibiriti alimtazama, akifikiri.

"Na haya tunayoomba sasa, utamwambia nani?"

"Mungu peke yake."

Mtoto akafumba macho, lakini sketi ya mama yake hakuiachia mpaka mwisho wa sala.