Ua wa Bi Dulcie Ulipohama Chama

Mtu kubadili dini nimeshaona. Ua kubadili chama sikuwahi kuona, mpaka Jumanne ile.

Natoka zangu kutoa pipa la taka, natupa jicho kwa jirani. Nikaishiwa pozi.

Kwenye ua wa Bi Dulcie Pascoe, pale ambapo kwa miaka arobaini kila uchaguzi linafungwa bango jekundu la chama chetu cha wafanyakazi, palikuwa na bango la kijani. Kubwa! Tena limekazwa kwa waya.

Zilibaki siku kumi na moja tu uchaguzi wa jimbo ufanyike.

Niwaambie ukweli, hapa katikati ya Melbourne zamani ungeweza kumsimamisha hata mbuzi, mradi umemvisha skafu nyekundu, na angepita. Viwanda vyetu, baa zetu, kura zetu.

Kisha viwanda vikageuzwa vyumba vya bei mbaya. Wakaja vijana wa baiskeli, wanaokunywa kahawa kwa maziwa ya lozi, na wote wa chama cha kijani, cha watetezi wa mazingira. Mara ya mwisho tulishinda kwa kura mia nne na ushei.

Nikampigia Kev Brannigan, mzee anayetuongoza sisi wajitoleaji wa tawi. Dakika kumi hazikuisha, huyo hapo, na ndala za bafuni.

"Rino, nani kafanya ushenzi huu?"

"Mimi nitajuaje, mzee?"

"Ni wale watoto wa baiskeli. Lete koleo tukate hizo waya."

Dirisha likafunguka juu yetu.

"Kata uone, Kevin."

Akiitwa Kevin, ujue kimenuka.

"Dulcie, unaumwa?"

"Nyonga tu. Kichwa kizima. Nimemwomba yule binti wa kijani anifungie. Yeye angalau alibisha hodi."

"Sasa sisi tumekufanyia nini?"

"Hamjanifanyia kitu. Miaka kumi na miwili hamjanifanyia kitu."

Dirisha likafungwa. Kev akanirudishia koleo.

Basi bwana, habari ikafika makao makuu kabla ya saa sita mchana. Ua wa Pascoe umeanguka!

Alhamisi akaja mgombea wetu mwenyewe, Anneliese Crowe, na keki ya limau. Ijumaa akaja mgombea wa kijani kushukuru, na chupa ya jamu. Jumamosi, msinicheke, akaja waziri mzima na mpiga picha wake.

Wote waliuliza swali moja: "Mama, unahitaji nini?"

Na wote walipewa jibu moja: "Kituo cha tramu."

Kituo cha tramu, ile treni ya barabarani, mtaani kwetu hakina jukwaa la kupandia. Unapandia barabarani, na ngazi za tramu ziko juu. Tangu apasuliwe nyonga, Bi Dulcie hawezi kupanda. Mumewe, Bernard, yuko kwenye nyumba ya wazee, vituo kumi na kimoja kutoka hapa. Pensheni inaruhusu teksi mara moja kwa wiki.

Wamelala kitanda kimoja miaka hamsini na minne. Sasa alikuwa akimwona Jumapili tu, na Bernard ameanza kusahau majina.

Mimi jirani yake sikuyajua hayo. Nilidhani anapenda tu kukaa ndani.

Jioni ile nikafungua orodha ya tawi. Utaratibu wetu ni huu: nyumba zinazoyumba tunazigongea, za uhakika tunaziruka, tusipoteze muda. Nikatafuta jina la Pascoe. Limeandikwa "uhakika".

Aliyeandika ni mimi. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikiuruka mlango unaopakana na wangu. Niliona aibu, wallahi.

Kufika Jumatano, vyama vyote viwili vilikuwa vimeahidi jukwaa, kwa maandishi na sahihi.

Jumamosi ya uchaguzi Kev alisimama langoni pa shule tunapopigia kura, anagawa karatasi za kuelekeza watu namna ya kupiga kura. Mkononi ana mkate wa soseji na vitunguu, hata hajauonja. Saa kumi na moja jioni, Bi Dulcie hajatokea. Vituo vya kura vinafungwa saa kumi na mbili, na hapa usipopiga kura unatozwa faini.

"Rino, kiti hiki cha bunge tunaweza kukikosa kwa kura moja. Twende tukamlete."

Tukamkuta mezani, ametulia tuli na kipande cha keki.

"Dulcie, panda gari, limebaki lisaa limoja!"

"Nilishapiga. Kwa posta."

"Lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

Kev akahesabu kwa vidole.

"Lakini bango lilikuja Jumanne."

"Ndiyo."

"Yaani waziri kaja kukubembeleza hapa, na kura ilishaondoka?"

"Tena alikula vipande viwili."

"Sasa ulimpa nani, mama?"

"Kura ni siri, Kevin. Kaa, ule keki."

Tulishinda kwa kura tisini na moja. Mpaka leo Kev halali vizuri akiwaza.

Jukwaa lilijengwa mwezi wa saba, baridi kali. Siku ya kwanza nilimsindikiza. Bi Dulcie aliingia kwenye tramu kama anavyoingia jikoni kwake, akatafuta kiti cha dirishani.

Bernard hakukumbuka jina la mkewe siku hiyo. Ila alisogea kumpisha, akamshika mkono.

"Kesho nakuja tena," Bi Dulcie akamwambia. Na kweli, siku hizi anakwenda kila siku.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wale vijana wa baiskeli niliokuwa nawalaani, wasingehamia hapa na kututia tumbo joto, nani angeuliza habari za kituo?

Nawe unayesoma, kuna mtu umemwandika "uhakika". Mama, mke, rafiki wa siku nyingi. Kamgongee mlango kabla hajafunga bango la mwingine.