Mtu wa Thelathini na Moja

Kwa wiki nzima nilikosa usingizi kwa ajili ya hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili angeimaliza kwa vidole. Karatasi iliruhusu watu thelathini, na watu walikuwa thelathini na mmoja. Nilihesabu kutoka juu, nikahesabu kutoka chini, nikahesabu wanaume peke yao na wanawake peke yao. Kila mara mtu mmoja alibaki amesimama barabarani na kikapu chake, na kila mara nilimjua kwa jina.

Lakini nianze na siku ya kwanza ya kazi, ili ninyi vijana mwone nilikuwa mtu wa namna gani.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, diploma yangu bado mpya, nilipoingia katika ofisi ya mambo ya jamii ya kampuni moja ya shaba hapa Lubumbashi. Nchi iliitwa Zaire, wanaume walivaa abakosti, suti isiyo na tai, na ofisini wote tuliitana Citoyen na Citoyenne, yaani raia. Kazi yangu iliitwa assistante sociale: kutembelea familia za wafanyakazi, kufuatilia watoto walioacha shule, na kusimamia masomo ya akina mama kwenye foyer, nyumba ambamo walijifunza kushona, kusoma na kuandika. Baba yangu, mwalimu aliyekuja kutoka Kasai, alinisindikiza kutoka nyumbani Makomeno mpaka mlango wa ofisi kana kwamba nilikuwa naanza shule ya msingi.

Chef de Service, mkuu wa ofisi yetu, hakutazama diploma. Alitazama madaftari matatu niliyokuwa nimeyakumbatia.

"Citoyenne, iko maswali ngapi mule ndani?"

"Mengi, Citoyen Chef."

"Muzuri. Lakini miye hapa nasainia majibu."

Aliniweka kwenye majaribio ya miezi sita. Kama kazi yangu ingempendeza, mwishoni angesaini kontra, mkataba wa kazi. Kama haingempendeza, baba angekuja kunichukua mlangoni pale pale.

Katika mwezi wa tano wa majaribio aliniita. Wafanyakazi kumi na wanne waliokuwa wametimiza miaka ishirini na mitano ya kazi, au zaidi, wangepelekwa pamoja na wake zao katika mbuga ya Kundelungu, kuona maporomoko ya Lofoi. Wangekwenda Jumamosi, walale huko, warudi Jumapili. Kamio moja, lori lenye viti vya mbao, turubai juu.

"Iko safari kidogo tu," akasema. "Siku mbili."

Nikaenda kununua daftari la nne.

Siku hizi mnapanga safari kwa simu. Wakati ule safari ilikuwa karatasi. Ya kwanza ilikuwa ordre de mission, barua inayosema ni akina nani wanasafiri kwa jina la kampuni, kwa gari gani, na nani ni responsable, yaani mtu atakayejibu kitu kikiharibika. Ya pili ilikuwa ruhusa ya kutokwenda salongo, kazi ya mikono ya kila Jumamosi ya kufyeka majani na kuzibua mifereji, ambayo hakuna aliyeikosa bila karatasi. Ya tatu ilikuwa idhini ya mbuga, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kichwa. Mwezi wa sita mvua zimekwisha, barabara imekauka, na maji ya Lofoi bado hayajapungua sana. Kwa hiyo mwezi ule shule, parokia na makampuni wote walitaka kwenda. Idhini ilitolewa kwa idadi, na kwenye kizuizi walinzi walihesabu vichwa. Tulisikia habari za kwaya moja iliyogeuzwa njiani, kamio nzima, kwa ajili ya mpiga ngoma mmoja.

Sisi tulipewa watu thelathini. Wafanyakazi kumi na wanne, wake kumi na wanne, dereva, na mimi. Ilitosha kabisa, hata nikajisifu.

Basi nikaanza kuandika. Springi ikivunjika, nani ataiona kwanza? Maji ya kunywa yakimwagika? Mzee akitazama maporomoko akapata kizunguzungu? Kizunguzungu peke yake nilikipa ukurasa mzima.

Aliyenisaidia kuandika alikuwa Mama Zaina, mwanamke wa miaka arobaini hivi, wa familia ya Waislamu wa Maniema. Alijifunza kusoma pale pale foyer, na alisoma vizuri mpaka mwalimu wa ushonaji akamwachia kuita majina ya darasa kila asubuhi. Mume wake, Mzee Ramazani, fundi seremala wa kampuni, alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Mama Zaina aliposoma ukurasa wangu wa chakula aliweka kidole katikati.

"Mama Assistante, hii nyama ya mikebe, bantu ya Maniema batakula nini? Majani?"

"Nilifikiri labda..."

"Ulifikiri kizunguzungu, haukufikiri tumbo."

Tukafuta. Tukaandika sufuria mbili, moja ya Waislamu isiyochanganywa na nyingine, na kuku wazima ambao Mzee Ramazani angewachinja huko huko. Yeye mwenyewe angetengeneza tundu la kuwabebea. Wiki mbili tulikaa hivyo, mimi na Mama Zaina, tukibishana juu ya chumvi na blanketi. Na mimi, mwenye ukurasa wa kizunguzungu, sikuwahi kumuuliza kama yeye anakuja. Nilidhani ni jambo lililo wazi.

Siku aliyoleta orodha iliyonakiliwa vizuri kwa mkono wake, niliona kwenye mstari wa Mzee Ramazani jina la mke: Salima.

"Na wewe je?"

"Miye siko mu kitabu," akasema, kama mtu anayesema leo kuna baridi.

Kitabu cha familia ndicho kilichoongoza maisha ya kambi ya wafanyakazi. Posho, hospitali, shule ya watoto, vyote vilipita humo, na kitabu kilikuwa na mstari wa mke mmoja tu. Mama Salima aliolewa kwanza, akaandikwa. Mama Zaina alikuwa amekaa katika nyumba ile miaka kumi na tisa bila kuandikwa popote.

Siku iliyofuata walikuja ofisini wote watatu. Mzee Ramazani aliweka kadi yake ya safari mezani, akavua kofia.

"Mama Assistante, nakurudishia. Upatie bengine."

"Kwa nini, Baba?"

"Niko na bibi wawili. Kamio iko na fasi ya moya. Miye sitachagua."

Mama Salima, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akasogea mbele. "Wakati banipasua tumbo, nani aliniosha? Nani aliniletea uji? Kitabu? Ni Zaina. Minaenda naye ao minabakia naye."

"Iko dawa," akasema Mama Zaina. "Twende sisi wawili, bwana abakie achunge kuku."

Mama Salima alicheka mpaka akashika meza. Mzee Ramazani aliizungusha kofia mikononi.

"Hata kuku banaenda," akasema polepole.

Nami nilicheka, kisha nikaacha. Mwisho wa mwezi ule Mzee Ramazani alikuwa anapumzika kazi, anastaafu. Miaka ishirini na saba alitengeneza vitanda vya hospitali na milango ya nyumba za kampuni, na kila alipopanda gari la kampuni alikuwa amebeba randa na misumari. Safari hii ilikuwa ya kwanza aliyoalikwa kutazama tu kitu, na nyingine isingekuwapo.

Nilikwenda kwa Chef.

"Citoyenne, kitabu kinaandika bibi mumoja. Mbuga inaandika bantu thelathini. Cachet nimeshagonga juu ya karatasi. Unataka nifanye nini, nikate dereva?"

"Labda tuwaandikie tena watu wa mbuga..."

"Safari iko Jumamosi hii. Sikiliza. Weye njo responsable. Ukifika pale na mutu moya wa zaidi, ni weye utakuwa umegeuza kamio ya bazee. Na mwisho wa mwezi njo tunaangalia kontra yako."

Hakuwa mtu mbaya. Siku zote alisema jambo kama lilivyo karatasini.

Wiki ile nilipita nyumba kwa nyumba kuuliza afya za wasafiri, na naungama kwamba niliuliza kwa moyo mbaya. Nilitumaini mtu mmoja awe na homa, homa ndogo. Mzee mmoja alikohoa, nikafurahi. Ilikuwa moshi wa makaa. Nikarudi nyumbani kwa aibu. Mama yangu akauliza kwa nini sili.

Baadaye nilifanya kazi Likasi, kisha Kolwezi, kisha nikarudishwa hapa, chini ya Chef watatu na Directeur mmoja aliyeogopa mbu kuliko madeni. Safari nilizopanga sizikumbuki zote. Maporomoko ya Lofoi nilikuja kuyaona mara nne, na mara zote nilipata kizunguzungu. Sasa nimepumzika, nalima mahindi kidogo upande wa Annexe, na vijana wanaoanza kazi hizi hunijia kuuliza orodha ya safari inafanywaje. Huwaambia mambo ya maji, ya sufuria mbili, ya tairi ya akiba. Halafu nawaambia watazame jina la mtu aliyeandika orodha. Wiki ile nilikuwa nimeyakagua majina ishirini na tisa, moja moja, nikitafuta la kukata. La thelathini sikulikagua kwa sababu lilikuwa langu. Mwenye kuandika orodha hujiona kama kalamu. Husahau kwamba naye amekalia kiti.

Jumamosi ikafika. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Kamio ilisimama mbele ya foyer, dereva akipasha injini, wazee wamejifunika makoti, wake zao na vitenge mpaka masikioni. Mzee Ramazani alikuja na tundu la kuku begani, kwa sababu aliahidi tundu. Mama Salima alibeba sufuria. Mama Zaina alibeba nakala ya orodha. Wote watatu walikuwa wamevaa nguo za nyumbani.

Nikaanza kuita majina. Nilipofika kwa Ramazani, alitikisa kichwa.

"Panda, ndugu," akapaza sauti mzee mmoja kutoka ndani. "Fasi yako inapata baridi."

"Chukueni kuku," akajibu. "Banajua njia kuliko miye."

Hakuna aliyecheka. Nilitazama karatasi mkononi ili nisiwatazame watu. Ilikuwa ordre de mission. Nilikuwa nimeisoma labda mara arobaini, pamoja na maneno madogo ya chini: responsable, au mtu ambaye responsable atamweka mahali pake. Mara zote arobaini nilifikiri maneno yale yanahusu mimi kuugua njiani, na nilikuwa nimeandika ukurasa juu ya ugonjwa wangu. Kumbe hayakutaja ugonjwa.

Nikaweka karatasi juu ya bati la gurudumu la kamio, nikaandika jina la Zaina, nikasaini. Saini ile haikufanana na zangu nyingine.

"Mama Zaina, panda mbele."

"Mbele ni fasi ya responsable."

"Ndiyo."

Alisoma karatasi yote, mpaka chini. Kisha akanitazama. "Na weye?"

"Mimi nina salongo."

"Chef atakukamata."

"Akinikamata, mtakuwa mmeshafika."

Nilimpa daftari. Nikaanza kumweleza ukurasa wa springi, na ule wa maji, na kwamba kwenye kizuizi ahesabu watu kabla walinzi hawajahesabu. Alilifunga taratibu.

"Mama Assistante. Hiki kitabu tuliandika wawili."

Akageuka, akasimama mbele ya kamio kama anavyosimama mbele ya darasa la ushonaji, akaita: "Ramazani. Salima." Mama Salima alipiga kelele moja fupi, akamtupia mtu sufuria, akapanda kabla mume wake hajaweka tundu chini. Mzee Ramazani alipanda wa mwisho. Alisimama kidogo kwenye ngazi, kofia mkononi, akaingia.

Dereva alipotia gia, Mama Zaina alifungua daftari, akachana ukurasa mmoja, akanipitishia dirishani. Ulikuwa wa kizunguzungu.

"Hii bakia nayo," akasema. "Itakusaidia leo."

Kamio ikaondoka. Nilisikia kuku kuliko watu.

Ningeweza kwenda Makomeno, nijifungie chumbani, nifikirie mpaka Jumatatu namna ya kumwambia Chef. Nilikuwa na njia sita tayari kichwani. Nikaukunja ukurasa ule, nikauweka mfukoni, nikamwomba mlinzi wa foyer jembe lake. Ofisi yetu ilikuwa na zamu kwenye mfereji wa nyuma ya soko. Nilimkuta Chef amesimama mferejini, suruali imekunjwa mpaka magotini, anafyeka majani kama watu wengine.

"Citoyenne? Kamio imeharibika?"

"Kamio imeondoka, Citoyen Chef."

Nikavua viatu, nikashuka mferejini karibu naye, nikapiga jembe la kwanza, nikamwambia yote.