Jina la Odeta kwenye Orodha ya Kemia

"Mama mdogo, kama kemikali zote unachanganya wewe, mbona hufundishi?"

Odeta aliuliza hivyo akiwa darasa la tatu, siku aliyomfuata Rozina, mdogo wa mama yake, kwenye maabara ya sekondari moja huko Usagara. Rozina alimfokea tu asiguse kitu, akaendelea kuosha vyombo kwenye karo.

Kwenye karatasi alikuwa mhudumu wa maabara. Wanafunzi walimwita Mama Sabuni. Walimu wapya walikuja kumuuliza kwa kunong'ona asidi inapimwaje, halafu mbele ya darasa wakamtuma chaki.

Odeta alipoingia kidato cha tatu shuleni hapo hapo, alikuta desturi yao: siku ya vitendo wavulana wanapima, wasichana wanaandika na kuosha. Na wiki ile Mwalimu Revocatus alikuwa anakamilisha orodha ya watakaochukua kemia. Jina la Odeta lilikuwemo.

Siku hiyo Masele, mvulana wa kundi lake, ndiye aliyeshika bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba.

"Ishirini na tano nukta nne," akasema.

"Umesoma kutoka chini," Odeta akamwambia. "Sifuri iko juu. Ni ishirini na nne nukta sita."

"We dada, karo hilo pale!"

Darasa likacheka. Mwalimu Revocatus akaja, wala hakuitazama bureti.

"Nani kakuuliza? Wanaoleta ng'ombe wa mahari kwenu wataulizia kemia?"

"Lakini Mwalimu, kakosea."

"Unabishana na mimi?" Akatoa kalamu nyekundu, akalikata jina lake pale pale, wote wanaona.

Odeta akajikuta anasema, "Samahani, Mwalimu." Alijichukia kabla hajamaliza kulitamka neno hilo.

"Mtoto yuko sahihi," Rozina akasema kutoka kwenye karo. "Kemikali nimepima mimi. Jibu nalijua."

"Mama Sabuni, osha vyombo."

Rozina akafunga bomba. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, akamshika Odeta kiwiko, akamtoa nje. Nyuma yao kicheko kilikuwa bado kinaendelea.

"Uliniuliza mbona sifundishi," akasema. "Alama zangu zilitosha. Mwalimu wangu alinikata jina hivi hivi, nami nikasema samahani, nikaenda kukaa nyumbani. Sasa wewe twende kwa mkuu wa shule, kabla Mwalimu hajaipeleka hiyo orodha. Na ukifika kule ole wako uombe samahani."