Siku Tuliyopima Databesi kwa Ndoo za Asali

Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini databesi, yaani lile daftari la ndani ya kompyuta, nimechagua. Wajukuu wangu wakinicheka nawaacha wacheke, wakimaliza nawauliza: katika hii nyumba, nani mwingine amewahi kukaa mbele ya kompyuta mbili za Nairobi akasema hii ndiyo, hii siyo, na mainjinia wakasikiliza? Na wote wamesoma.

Nilizaliwa Kathonzweni, nikaolewa Tseikuru. Kwetu walisema nimeolewa mwisho wa dunia. Nilikuta jua, mbuzi, na asali. Mume wangu alikuwa na mizinga mingi kwenye miti ya kando ya luga, yaani ule mto wa mchanga. Alipofariki aliniachia ile mizinga na wasichana tu, sikupata mvulana hata mmoja. Na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Mzinga wa Mkamba huwa na alama. Inachongwa kwenye mti wa mzinga wenyewe, na ni alama ya ukoo, kile tunachoita mbai. Ukiuona mzinga unajua ni wa mbai gani, na usiguse. Kwa hivyo mizinga ya marehemu ilikuwa na alama moja na ya kaka yake, shemeji yangu. Basi kila nikipeleka asali kwenye sosaiti yetu, chama chetu cha ushirika, karani anatazama alama niliyochora kwenye ndoo, anasema, "Aa, hii ni ya mzee," na asali inaandikwa kwa shemeji. Shemeji hakuwa mwizi. Aliniletea haki yangu hadi mlangoni, akiimba. Lakini alipenda kusikia akisifiwa kuwa yeye ndiye baba wa asali. Mimi nilijiuliza, nikifa leo, wasichana wangu watasema nini? Wataonyesha nini? Mizinga itaenda kwa shemeji, na baadaye kwa wavulana wake, na hakuna mtu atakayeona ubaya wowote.

Ilikuwa miaka ya tisini ikianza. Wafadhili wakasema watatununulia kompyuta, kwa sababu mnunuzi wa asali alitaka kujua kila ndoo imetoka wapi. Makampuni mawili ya Nairobi yalitaka kutuuzia. Kamati yetu ikaambiwa ichague. Mwenyekiti alikuwa shemeji. Mimi niliwakilisha akina mama. Mkutano wa wanachama ukapitisha jambo moja ambalo lilinifanya nikose usingizi kwa furaha na kwa hofu: kitakachoandikwa na mashine kuwa ni cha mtu, sosaiti itakitambua ni chake, na cha watoto wake.

Nikasema moyoni, hapo. Hapo ndipo nitasimama.

Tulikataa kuonyeshwa mashine kwenye karatasi za rangi. Nilisema mimi mwenyewe, "Ng'ombe hanunuliwi kwa picha. Waje wakati wa mavuno, watu wakiwa kwenye foleni, nyuki wakiwa na hasira, tuone." Shemeji akacheka mpaka akakohoa, lakini akaandika hivyo hivyo.

Wakaja, kila kampuni na mtu wake. Tulitumia ukumbi wa kanisa, na mwenye kinu cha posho akatuazima jenereta. Upande wa kulia alikaa kijana wa Machakos, amevaa tai nyekundu katika lile joto letu. Upande wa kushoto, binti mmoja wa kutoka Nyeri, amekunja mikono ya shati kama mtu anayekuja kukamua. Kila mmoja alileta mashine moja kubwa, ambayo waliweka chini ya meza, na vioo vitatu vya kuandikia vilivyounganishwa nayo kwa waya, ili makarani watatu waandike kwa pamoja. Walisema databesi zao ni sawa na zile za benki na makampuni makubwa. Watu walijaa kama siku ya mkutano wa injili. Wazee wakauliza inakula nini. Mama mmoja akauliza kama mchwa wanaipenda.

Sisi kamati tulikuwa tumewapa wote wawili habari za wanachama mapema. Kila mwanachama na alama ya mzinga wake. Tulijiona werevu kweli. Majina yetu yanafanana, kila mtoto amepewa jina la nyanya au babu, lakini alama haidanganyi. Hivyo ndivyo tulivyofikiri.

Mizani ikaanza kazi. Kila ndoo ikaandikwa pande zote mbili. Wacha nikuambie, ile mashine ya kijana ilikuwa na kasi! Karani anabonyeza, na jibu limeshafika kabla hajainua kidole. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele kama ameona bibi harusi. Hata mimi nilisimama bila kujua nimesimama. Nyuki nao wakafuata harufu, wakaingia ukumbini, wakapenda ule kioo chenye joto, wakatua juu yake. Kijana wa tai akaruka na kucheza ngoma ambayo hakufundishwa na mtu.

"Usiwapige!" shemeji akampigia kelele. "Hao ndio wenye sosaiti!"

Halafu ikaanza kukwama. Karani wa kwanza anaandika, wa pili anangoja, wa tatu anangoja. Kijana akainama, akatazama, akakuna kichwa.

"Wazee," akasema, "kuna mwanachama mmoja hapa ambaye kila mtu anamletea asali. Makarani wote wanagombania mlango wake. Huyu ni nani? Ana asali kuliko wote."

Akasoma jina. Shemeji.

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. "Kumbe bepari tunaye!" "Mzee, tununulie lori!" Shemeji akainuka, akavua kofia, akainamia watu kama mbunge. Hakuelewa bado. Mimi nilielewa. Niliziona ndoo zangu, ambazo nilikuwa nimezipitisha kwenye mizani kwa mikono yangu, zimeingia kwake pamoja na za wadogo zake na za binamu zake.

Jirani yangu, mjane kama mimi, akanipigia kelele kutoka benchi la nyuma: "Mwaitu, mama! Asali yako imeolewa tena!"

Watu wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Nikaenda upande wa kushoto, nikamwambia yule binti, "Nionyeshe yako inasemaje." Mashine yake ilikuwa ya polepole kidogo, lakini haikuwa imekwama, makarani wake walikuwa wanaendelea. Akabonyeza.

Shemeji tena. Asali yote ya mbai yetu, na mwenyewe ni shemeji.

"Mama, tumefuata mliyotupa," binti akasema. "Alama moja, mtu mmoja."

Na ilikuwa kweli. Makosa yalikuwa yetu. Alama ya mbai ni moja, lakini kila ndugu anaongeza mkato wake mdogo pembeni, mmoja juu, mwingine chini, mwingine mishale miwili. Hakuna aliyeutaja ule mkato kwa wale wageni. Si kwa ubaya. Kwetu ni kama kumweleza mtu kwamba ng'ombe ana mkia. Kamati nzima tulikaa siku nzima tukachora alama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu wa Nairobi haoni mkato.

Nikasimama katikati ya ukumbi. Nikauliza kwa sauti: "Nyinyi wawili. Hayo makosa yetu, mnaweza kuyarekebisha sasa, foleni ikiendelea? Au tufunge duka?"

Kijana wa Machakos alikuwa mtu mkweli, nampa heshima yake mpaka leo. Akafuta jasho akasema, "Mama, yangu imejengwa ikiwa imebana, ndiyo sababu inakimbia. Kuongeza kitu kipya lazima niirudishe Nairobi nikaijenge upya."

Binti akasema, "Mimi nipeni chai, na mtu wa kunichorea hiyo mikato."

Anayejua mikato yote ni nani? Shemeji. Watu wakamsukuma mbele. Akachukua chaki, akapiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji, akaanza kuchora, mkato kwa mkato, na binti anaingiza kwenye mashine. Makarani wake hawakusimama hata kidogo, ndoo zinapita juu ya kichwa cha mwenyekiti. Kila mkato, binti anauliza, "Wa nani?" Shemeji anataja. "Huu?" Anataja.

Akafika kwenye mishale miwili. Chaki ikasimama.

"Huu ni wa marehemu kaka yangu," akasema.

"Pole, mzee. Niandike nani?"

"Andika marehemu."

Binti akabonyeza. Akatikisa kichwa. "Inakataa. Haikubali mzinga uwe wa mtu ambaye hayuko kwenye wanachama walio hai."

"Basi acha wazi."

"Inakataa pia. Niliitengeneza hivyo. Mzinga bila mwenyewe haiupokei."

Nawaambia, makarani wote waliacha kuandika wakamgeukia shemeji. Hata mizani ilisimama. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza shemeji swali hilo. Wazee hawakumuuliza, wala mchungaji, na hata mimi sikumuuliza, niliona aibu. Sasa linaulizwa na sanduku la bati, na halikubali kunyamaziwa. Angeweza kusema, "Niandike mimi," na kwa desturi hakuna ambaye angempinga. Nilimtazama usoni. Sikumwomba. Nilikunja tu mikono.

Akanitazama na yeye, bado amepiga magoti, chaki imemjaa kwenye suruali.

"Unanitazama nini, wewe mama?"

"Naangalia mwenyekiti akifanya kazi."

Mtu mmoja akakohoa. Shemeji akacheka puani, akatikisa kichwa, akamgeukia binti. "Andika huyu. Amenisumbua tangu alipoolewa hapa, wacha sasa aisumbue mashine."

Jirani yangu alipiga vigelegele mpaka nyuki wakatoka nje.

Binti akabonyeza, ikapokea. Nikaona. Sijui kusoma haraka, lakini jina langu nalijua hata likiwa limelala. Na hapo nikashikwa na kitu, sijui ni furaha au wazimu. Nikafikiri: imeandika, sawa, lakini itakumbuka? Kwetu hapa jenereta huzima bila kuaga mtu. Sikuuliza ruhusa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikafika kwenye lile jenereta lililokuwa linanguruma, nikalizima kwa mkono wangu.

Kelele iliyotoka ukumbini! "Stima! Stima!" Kijana wa tai akatoka mbio, akanikuta nimesimama pale.

"Mama, umefanya nini?"

"Napima," nikamwambia. "Washa."

Ikawashwa. Tukarudi ndani, tukangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko kungoja mtoto azaliwe. Mashine ya kijana iliamka, lakini ndoo za mwisho mwisho hazikuwepo, na karani akaanza kuuliza watu, "Wewe ulileta? Na wewe?" Ile ya binti ilikawia kuamka, ikajisafisha safisha, ikawaka. Ndoo zote zilikuwepo, hata ile iliyokuwa kwenye mizani dakika hiyo. Na mishale miwili ilikuwepo, na mimi kando yake.

"Hata mimi nimeshasahau nilichosema," shemeji akasema akiwa nyuma yangu, "na hii bado inakumbuka."

"Ndiyo sababu tunainunua," nikamjibu.

Kamati ikapiga kura hapo hapo, tumesimama kati ya ndoo. Mzee mmoja alitaka ile yenye kasi, akasema sisi tumezoea kungoja, kwa hivyo tustarehe kidogo. Nikamwambia, "Kasi ya kusahau ni ya nini?" Mikono ikainuka kwa binti. Wa shemeji uliinuka wa mwisho, lakini uliinuka, mweupe kwa chaki.

Nikamwomba karani anionyeshe asali yangu peke yake. Akabonyeza. Jamani, ilikuwa kidogo! Ikiwa na ya mbai nzima ilikuwa inaonekana kama mlima, na sasa, ikiwa peke yake, mistari michache tu juu ya kioo, na chini yake weupe mtupu.

Shemeji akachungulia juu ya bega langu. "Yaani hizo ndizo ulikuwa unapigania?"

"Ndizo."

"Basi chonga mizinga mingine. Nafasi iko."

Nikamwambia karani asifunge kioo kwanza. Nikatoka nje kuwaita wasichana wangu, waliokuwa wanaosha ndoo pale kwenye bomba la kanisa, waje waone kabla mikono haijawakauka.