Mkono wa Pedeli Niliouchoma

Taabu ilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alifariki msimu wa kupanda maharage. Nikaacha shule darasa la tatu, nikashuka kutoka milimani hadi Ujiji nikiwa na baiskeli yake na madumu mawili ya mawese. Baiskeli ilinizidi urefu, kwa hiyo niliiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, kiuno kimepinda kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Njiani, pini inayoshika mkono wa pedeli ikakatika. Nikachonga kijiti cha mti mgumu, nikakigongomea kwa jiwe, nikafika na mawese yangu. Ufundi niliuanza siku hiyo. Cheti sina, na sijawahi kukitafuta.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba anayesimulia kosa lake hapa si mtu wa kubahatisha. Nimetengeneza baiskeli Buzebazeba, hapahapa Ujiji, kwa zaidi ya miaka hamsini. Lakini baiskeli zangu ni za chuma. Chuma kikichoka kinapinda kwanza, unakiona, unakitia moto, unakigonga, kesho kinabeba dumu. Ndivyo ninavyokijua mimi.

Binti yangu wa mwisho ni nesi. Mwaka juzi alituambia, mimi na mama yake, kwamba kuna mwalimu wa sekondari, mtu wa Morogoro, amepanga Katubuka, anataka kuleta posa. Nikauliza ana nini. Akasema, "Ana baiskeli, baba." Nikafurahi sana. Kumbe sikuuliza baiskeli gani.

Siku moja kabla ya posa, Ijumaa asubuhi, kijana akaja kibandani kwangu kujitambulisha. Amevaa kofia ya plastiki kama gamba la kobe, na kaptula ya kubana ambayo mkwe hapaswi kuonekana nayo na baba mkwe hata kwa bahati mbaya. Baiskeli yenyewe niliinyanyua kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzigo umeuangusha wapi?"

"Mzigo gani, mzee?"

"Sioni mzigo. Hata keria ya kuufungia siioni."

"Naendesha kwa mazoezi tu, mzee. Kila Jumamosi nakwenda Mwandiga na kurudi."

"Unakwenda kuchukua nini?"

"Sichukui kitu."

"Unapeleka nini?"

"Sipeleki kitu, mzee."

Nikamtazama kwa huruma. Mwanaume mzima anapanda mlima, anafika juu, anageuza, anashuka mikono mitupu. Nikasema moyoni, binti yangu ameona nini hapa?

Shida yake ilikuwa mlio. Kila pedeli ya kushoto ikishuka, kwii. Nikamwambia hilo ni jambo dogo, ni nyuzi za pedeli zimeshika uchafu. Nikatia spana, pedeli haikutoka. Nikamwaga oili, haikutoka. Nikafanya ninachofanya kila siku: nikaloweka kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikauzungushia ule mkono unaoshika pedeli, nikawasha.

Kijana akaruka. "Mzee, samahani, nadhani huu mkono moto hau..."

"Wewe unafundisha somo gani?"

"Jiografia, mzee."

"Basi ngoja nikitaka kujua mlima uko wapi nitakuita."

Akarudi nyuma hatua moja. Adabu anayo, hilo niliandika pembeni. Pedeli ikatoka, nikaisafisha, nikapaka grisi, nikairudisha. Mlio ukaisha kabisa. Nikampigapiga begani nikamwambia, "Hii sasa itakufikisha Burundi. Kesho washenga wako watakuja na barua, lakini na wewe uwepo saa nane kamili. Na uje na hiyo baiskeli, kaka yangu naye aione acheke."

Hapa nikujulishe kaka yangu. Ndiye mkubwa wetu, na posa zote za ukoo wetu anazifungua yeye. Ana sheria moja: mwoaji akiwa ameambiwa awepo na hayupo, barua haifunguliwi. Inarudi ilikotoka, na hairudi tena. Ameshazirudisha mbili, moja ya mtu tajiri. Kwa hiyo binti yangu alijua, na mama yake alijua, kwamba ile saa nane haikuwa mchezo.

Jumamosi washenga wakafika na bajaji, saa nane kasoro. Wakakaribishwa, wakakaa. Saa nane ikafika, mwoaji hakuna. Nusu saa, hakuna. Simu yake inaita bila kupokelewa, mara haiiti tena.

"Amepanda treni ya kurudi kwao," kaka akasema. "Sasa hivi yuko Uvinza anakula muwa."

Dada yangu, shangazi wa bibi harusi, akacheka. "Mwacheni jamani, labda bado anaivua ile kaptula." Nilikuwa nimemsimulia habari za kaptula. Nilikuwa nimewasimulia wote.

Nyuma ya pazia la chumbani palikuwa kimya. Binti yangu akikasirika utamsikia hadi sokoni. Akinyamaza, analia. Mama yake aliingia mle chumbani na hakutoka.

Saa tisa na robo kaka akaichukua ile bahasha mezani, haijachanwa, akaigeuza upande wa washenga. "Jamani, mmetuheshimu. Lakini mwenye shida hayupo." Mshenga mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea tulipomsikia mtu uani anasema hodi kwa sauti iliyokauka.

Alikuwa ameivaa suruali, nashukuru. Goti limechanika, damu imekauka, simu imepasuka kioo, mgongo mzima vumbi jekundu. Ameegemea baiskeli. Mkono wa pedeli wa kushoto ameushika kama mtu aliyeshika samaki.

"Umetoka wapi?" kaka akamuuliza.

"Mwandiga, baba mkubwa. Asubuhi nilikwenda mazoezi, nikawa nawahi kurudi. Kwenye mlima mkono huu ukafunguka, nikaanguka."

"Bodaboda hakuna Mwandiga?"

"Zipo. Lakini nikienda na bodaboda baiskeli inabaki. Na mzee aliniambia nije nayo."

Alikuwa ameisukuma kutoka Mwandiga hadi Ujiji, jua la mchana, kwa sababu ya utani wangu.

Kaka akaniangalia. "Fundi, si jana ulisema umeitengeneza?"

Kabla sijajibu, kijana akajibu. "Mzee aliitengeneza vizuri, baba mkubwa. Ni mashimo tu ya barabarani."

Nikauchukua ule mkono nikauangalia. Nilitegemea kuona chuma kilichovunjika. Hakikuvunjika. Ulikuwa umefunguka kwa urefu, vipande viwili vya alumini, kama ganda la karanga, ndani mtupu. Na kingoni, pale vipande vilipokutana, palikuwa na gundi. Gundi! Sehemu ya mbali na pedeli gundi ilikuwa nyeupe ya zamani, imeachia kidogokidogo, maji yamepita. Karibu na pedeli, pale nilipozungushia kitambaa, ilikuwa nyeusi na imekuwa unga.

Mle ndani waliojua habari za kitambaa tulikuwa wawili, na mmoja alikuwa ameshanificha. Nikajaribu kujificha kidogo na mimi, sitadanganya. Nikaupandisha ule mkono juu watu wauone.

"Angalieni wenyewe! Imeungwa kwa gundi! Mtu mwenye akili anaunga baiskeli kwa gundi?"

Pazia likasema, "Baba, viraka vya tyubu umeviunga kwa kitu gani miaka yote hii?"

"Bibi harusi haongei!" shangazi akafoka, lakini ameziba mdomo kwa khanga.

Nikakaa chini. Kweli, mimi ndiye mtu wa solusheni, ile gundi ya viraka, Buzebazeba nzima. Napiga msasa, nafuta vumbi, nasubiri ikauke, nakandamiza kiraka. Na kila mteja namwambia usiiache baiskeli kwenye jua kali, kiraka kitaachia. Hamsini na kitu miaka nawaambia watu kwamba gundi na joto havipatani, kisha nikaiwashia moto baiskeli ya mkwe.

"Kaka," nikasema, "rudisha hiyo bahasha mezani. Kijana hakuchelewa. Nimemchelewesha mimi." Nikaeleza yote, mafuta ya taa, kitambaa, na alivyojaribu kunizuia nikamuuliza somo lake.

Kaka akairudisha bahasha mezani. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa, mshenga akampa maji. "Fundi wa Ujiji nzima amemchoma mkwe wake kabla hajala mahari yake!" Akaichana bahasha akiendelea kucheka. Mpaka leo akinipigia simu haanzi na salamu, anauliza kama kuna kitu kinawaka.

Jioni, kijana akiwa amefungwa goti na nesi mwenyewe, akanieleza taratibu. Ule mlio ulikuwa gundi inaachia; moto wangu uliilainisha tu, ikanyamaza kwa siku moja. Alikuwa ameusikia wiki tatu naye akauvumilia, kwa hiyo kosa tuligawana, ingawa kipande changu ni kikubwa. Akaniambia hata ndege zina sehemu zilizoungwa kwa gundi. Nikamwambia ndiyo maana mimi napanda treni.

Alirudi Katubuka kwa baiskeli nyeusi ya marehemu baba yangu. Akaniuliza gia zake ziko wapi. Nikamwonyesha miguu yake.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano. Nina kibanda cha ufundi, vaisi moja ya kubania vyuma, pampu mbili. Nina michikichi thelathini na minne na mbuzi saba. Nina baiskeli ya baba, ila iko kwa mwalimu na haji kuirudisha. Nimeona ameifungia keria, na Jumamosi anarudi na ndizi. Nina mjukuu wa miezi minne. Nina mkono mmoja wa pedeli, uliofunguka, nimeutundika kwenye msumari mlangoni. Mafuta ya taa sina. Mke wangu amelificha dumu.